Hatua Moja na Nusu

Chumba cha mafunzo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi pamoja na walimu kila asubuhi. Ndani kulikuwa na viti kumi na viwili vya watoto, vilivyoazimwa kutoka shule moja ya chekechea, ubao mweupe, na kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu. Sakafuni, katikati ya safu za viti, mkufunzi alikuwa amebandika mistari ya utepe mweupe. Aliipima mwenyewe kwa futi ya fundi. Kutoka kwenye utepe hadi kwenye kiti chochote ilikuwa hatua moja na nusu.

"Mwalimu anapita hapa, juu ya utepe," aliwaambia siku ya kwanza. "Huko kwenye viti si kwako. Katika shule mnazokwenda huko ng'ambo mtoto haguswi. Akikosea, haguswi. Akilia, haguswi. Akianguka, unasimama hatua moja na nusu, mikono nyuma, unasema naye kwa sauti ya chini, unamwita msaidizi. Msaidizi ndiye mwenye ruhusa ya kumshika."

Walimu walikuwa saba. Mmoja wao, mwalimu wa sayansi ambaye hakuvua koti lake hata kwenye joto, na kwa sababu hiyo aliitwa Profesa, aliinua mkono.

"Na mtoto akinijia mwenyewe, anataka kunikumbatia?"

"Unarudi nyuma."

"Na nyuma kukiwa na ukuta?"

"Unainua mikono juu."

"Kama mwizi?"

Wakacheka wote. Mkufunzi hakucheka. "Nimewahi kuinua," alisema. "Wewe cheka tu, utanikumbuka."

Tangu siku hiyo, akiwa hayupo, walimwita Hatua.

Jambo la pili alilowakataza lilikuwa kuitana Mama Fulani na Baba Fulani. "Watu wa kule hawana habari na mwanao anaitwa nani. Humu ndani kila mtu ni mwalimu, basi." Walijaribu, lakini mazoea yana tabu. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyekaa karibu na dirisha alikuwa Mama Nukta tangu alipojifungua, na alibaki Mama Nukta kila Hatua alipotoka kwenda kupokea simu.

Nukta alikuwa na miaka saba. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alizaliwa mdogo sana, na baba yake alikuwa amefariki miaka mitatu sasa. Mama Nukta alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka kumi na sita katika shule ileile. Namna yake ya kufundisha kuandika ilikuwa moja: alipiga goti kando ya mtoto, akaufunika mkono wake mdogo kwa mkono wake mwenyewe, wakaandika pamoja mara tatu. Mara ya nne aliuachia. Watu wazima wengi wa mtaa ule waliandika herufi zinazofanana bila kujua ni kwa nini.

Sasa mkono huo ulimsumbua. Katika mazoezi walimu wenyewe ndio waliokuwa wakijifanya watoto. Profesa alipokaa kwenye kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu, akajifanya ameshindwa kuandika, Mama Nukta alivuka utepe bila kufikiri na kumshika mkono.

"Mwalimu!" Hatua aliita.

"Samahani."

"Mara ya tano leo."

"Mimi sijalalamika," Profesa alisema. "Tena mwandiko wangu umependeza."

Hatua alikwenda kwenye meza yake, akaleta rula ya mbao ya sentimita thelathini. "Shika hii nyuma ya mgongo, mikono miwili. Usiiachie mpaka somo liishe." Mama Nukta aliishika. Aliishika wiki nne.

*

Wiki ya pili Hatua aligawa karatasi ya madaraja ya mshahara. Yalikuwa matatu. Daraja la kwanza lilikuwa la walimu waliotoka katika nchi zilizoorodheshwa nyuma ya karatasi. Waligeuza karatasi kwa pamoja, wakasoma, wakaigeuza tena. Nchi yao haikuwemo. Daraja la pili lilikuwa la wengine waliopata alama themanini na tano au zaidi katika somo lililorekodiwa. Daraja la tatu lilikuwa la waliobaki. Vipindi vilikuwa ishirini na sita kwa wiki kwa kila mtu.

"Nauliza tu," Profesa alisema. "Huyu wa daraja la kwanza anafundisha watoto wenye vichwa viwili?"

"Watoto ni walewale."

"Saa zilezile?"

"Pengine chumba cha jirani yako."

"Na choo?"

"Choo kimoja."

"Afadhali. Nilidhani na choo kina madaraja."

Mama Nukta hakuwa amecheka. Macho yake yalikuwa kwenye mstari wa chini kabisa, ulioandikwa kwa herufi ndogo. Mwalimu wa daraja la pili aliruhusiwa kwenda na mtoto mmoja. Mwalimu wa daraja la tatu alikwenda peke yake, mkataba wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa.

"Mwalimu," alimwambia Hatua baada ya wenzake kutoka, "huu mstari wa mwisho. Hauna njia nyingine?"

"Hauna."

"Hata mtoto akiwa mdogo? Hata kama hana baba?"

Hatua alikuwa akikunja waya wa kamera. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mgongo mbovu, na alikunja waya polepole, kwa vipimo sawa. "Mimi nilikuwa la tatu," alisema. "Miaka tisa. Wangu nilimwacha ana minne. Nilikuja likizo mara tatu. Niliporudi moja kwa moja alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Akanipa mkono." Aliufunga waya kwa mpira. "Ana adabu sana. Pata themanini na tano, dada yangu. Hilo ndilo ninaloweza kukwambia."

Kurudi nyuma hakungewezekana. Mama Nukta alikwisha kuandika barua ya kuacha kazi, na nafasi yake ilijazwa wiki hiyohiyo. Nyumba ya walimu alikwisha kuirudisha. Yeye na Nukta walikuwa wakikaa kwa dada yake mkubwa, vyumba viwili, watu wanane. Dada yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Ukienda peke yako nitamlea," dada mtu alisema jioni ile, akianua nguo. "Lakini nakwambia ukweli, mdogo wangu, nitamlea kama ninavyowalea hawa wangu. Kwa kupiga kelele."

"Najua, dada."

"Basi pata hizo alama uende naye."

*

Tatizo la kurekodi lilikuwa watoto. Wakaguzi wa kule walitaka kuona darasa lenye watoto wasiopungua kumi na wawili, wa miaka saba hadi minane, na hakuna mwalimu mkuu aliyekubali kuazima darasa lake likarekodiwe juu ya duka la magodoro. Kwa hiyo walimu walileta watoto wao, na wa ndugu zao, na wa majirani, wakawavika mashati meupe. Kanuni ilisema mwalimu asiwe na mtoto wake mwenyewe katika somo lake, kwa kuwa wakaguzi waliliona hilo kama udanganyifu. Siku ya somo la mwalimu fulani, mwanawe alikaa nje kwenye ngazi na biskuti.

Siku ya Profesa ndipo Nukta alipoharibu. Profesa alikuwa akifundisha uzito, jiwe mkono huu na kipande cha sponji mkono huu, na akaenda vizuri dakika tisa. Akauliza swali. Nukta akaruka kutoka kwenye kiti, akamgeukia mama yake aliyekaa kimya nyuma ya kamera na walimu wengine.

"Mama! Mama, mimi najua!"

Hatua alizima kamera. Profesa aliweka jiwe chini.

"Nukta, mjomba wako nilikuwa naelekea peponi," alisema. "Umenivuta mguu."

Mtoto alianza kulia. Hatua alimwita Mama Nukta pembeni. "Mfundishe, au usimlete. Na usipomleta watoto wanapungua."

Akamfundisha. Alifanya kama alivyofanya na kila jambo la watoto wadogo: akatafuta kitu cha kuonekana kwa macho. Kamera ya Hatua ilikuwa na kitaa chekundu mbele, kilichowaka inaporekodi. Nyumbani, mezani kwa dada yake, aliweka kifuniko chekundu cha chupa.

"Hii ndiyo taa. Taa ikiwaka, mimi si mama."

"Ni nani?"

"Ni mwalimu. Hata kama nimekaa mbali. Hata kama umeumwa na mdudu. Ukiitwa, ukiulizwa, mimi ni mwalimu. Taa ikizimwa," akakifunika kifuniko kwa kiganja, "mimi ni mama tena."

"Na wewe utaniitaje?"

"Nitakuita kama wengine."

Nukta aliupenda mchezo huo kuliko alivyotegemea. Alikuwa mtoto wa kanuni, wa kupanga viatu kwa ukubwa. Kila jioni alikileta kifuniko mwenyewe. Mama yake alikwenda huku na huku, akamuuliza maswali, akamchekesha, akajifanya ameumia kidole. Nukta alikaa wima, mikono juu ya magoti, akisema, "Ndiyo, mwalimu. Hapana, mwalimu. Pole, mwalimu." Kifuniko kilipofunikwa alimrukia shingoni.

"Nimepata ngapi?"

"Themanini."

Kesho yake, "Nimepata ngapi?"

"Tisini na tano."

"Kwa nini si mia?"

"Umeniangalia sana. Mwalimu haangaliwi hivyo."

"Naangaliaje, sasa?"

Mama Nukta alifikiri. "Kama unavyomwangalia mtu wa dukani."

Dada yake, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama kidogo mlangoni, akawatazama, akaendelea na safari yake.

*

Siku ya somo la Mama Nukta watoto wawili walikuja na homa. Mmoja alirudishwa nyumbani kwa kuwa alitapika kwenye ngazi, na wa pili akafuata. Walibaki kumi na mmoja. Mwisho wa kutuma rekodi ulikuwa saa kumi jioni siku ileile, na ilikuwa saa saba.

Hatua alihesabu vichwa mara mbili. Kisha akatazama kwenye ngazi, ambako Nukta alikuwa na biskuti zake.

"Kanuni inakataa," Mama Nukta alisema.

"Naijua kanuni, ninayo mimi." Alijipapasa mgongo. "Mtoto ameiva. Nimemwona juzi kwenye somo la yule mwenzako, hakugeuka hata mara moja. Tumweke nyuma kabisa, pembeni. Sura haitaonekana vizuri. Uamuzi ni wako."

Mama Nukta alimwita mwanawe, akampangusa makombo mdomoni, akamwonyesha kiti cha mwisho, pembeni. Hapo ndipo kilipokuwa kiti kibovu. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, na walikiweka nyuma siku zote ili kamera isikione. Kila mtu alikijua kiti hicho. Siku hiyo hakuna aliyekikumbuka.

"Taa itawaka," alimnong'oneza.

"Najua."

"Leo ndiyo yenyewe."

"Najua, mama. Nenda."

Somo lilikuwa juu ya nusu. Kila mtoto alikuwa na karatasi ya kukunja. Mama Nukta alisimama juu ya utepe, rula nyuma ya mgongo, na lugha ya kule, aliyoihofia kwa wiki nne, ikamtoka kama maji. Watoto walikunja, wakafungua, wakakunja tena. Mmoja alikunja vibaya. Mama Nukta hakwenda kumshika. Alimwelekeza kwa maneno, taratibu, mpaka ncha zikakutana. Nyuma ya kamera Profesa aliinua kidole gumba.

Dakika ya kumi na moja mguu wa kiti uliachia. Nukta alikuwa ameinama kuokota karatasi, na kidevu chake kilipiga ukingo wa kiti cha mbele kabla hajafika chini. Sauti ilikuwa ndogo. Damu ikaanza kushuka kwenye shati jeupe.

Mama Nukta alikuwa tayari ameanza kwenda. Mguu mmoja ulikuwa umeondoka sakafuni. Alikiona kitaa chekundu, akaona utepe chini yake, na mguu ukarudi ulipotoka.

Alikwenda kwa mwendo wa kawaida, akifuata mstari, mpaka mwisho wa safu. Akasimama hatua moja na nusu. Mikono nyuma.

"Umeumia wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kule.

Nukta alikuwa amekaa sakafuni, kiganja chini ya kidevu, damu ikipita katikati ya vidole. Alimtazama mama yake. Midomo ilitetemeka, lakini macho yalikuwa ya mtu anayemwangalia mtu wa dukani.

"Mwalimu," alisema, "nimeumia."

"Pole sana. Msaidizi anakuja. Msaidizi, tafadhali."

Msaidizi alikuwa mama wa usafi wa jengo, aliyevishwa koti la bluu kwa siku za kurekodi. Alimwinua mtoto, akampakata, akatoka naye. Mama Nukta aliwageukia wale kumi na mmoja, akawaambia mwenzao atakuwa salama, akawaomba waikunje ile nusu mara moja zaidi ili wapate robo. Somo liliendelea dakika saba.

Taa ilipozimwa rula ilianguka. Alishuka ngazi akiruka. Nukta alikuwa kwenye ngazi ya chini, mapajani mwa mama wa usafi, na kidevuni kwake kulikuwa na bonge la pamba waliyopewa na watu wa duka la magodoro. Macho yalikuwa makavu.

"Taa imezimwa?" aliuliza.

"Imezimwa, mwanangu."

"Kweli?"

"Kweli. Imezimwa."

Ndipo akalia.

Alishonwa nyuzi tatu. Wiki mbili baadaye majibu yalikuja. Mama Nukta alikuwa amepata tisini na moja, alama ya juu kuliko wote. Wakaguzi waliandika kwamba namna mwalimu alivyoshughulikia ajali bila kuvunja kanuni wala utulivu wa darasa ilikuwa ya mfano, na kwamba wangependa kuitumia sehemu hiyo katika mafunzo. Daraja la pili. Mtoto mmoja.

Profesa, aliyepata themanini na mbili, alimpa mkono kwa mikono miwili. "Umestahili, dada," alisema. Hakuweka utani wowote.

*

Ofisi ya vibali ilikuwa na kapeti la kijivu, na mashine ya maji ya kunywa iliyokuwa ikibubujika yenyewe. Mama Nukta alikuwa na faili: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba mtu, mkataba, matokeo ya somo. Njiani alimwandaa Nukta kwa yote aliyoweza kuyafikiria. Majina matatu kwa mfuatano. Tarehe ya kuzaliwa. Jina la shule. Salamu. Swali la mama yako ni nani hakumwandalia, kwa sababu hakuna anayemwandaa mtoto kwa swali hilo.

Ofisa alikuwa mtu wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alizungumza kwa upole.

"Mzazi atasimama pale ukutani. Utaratibu ni kwamba mtoto ndiye anayesema. Ukimsaidia, hata kwa ishara, mahojiano yanafutwa. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana."

Hakuwa na rula. Mikono ilikwenda nyuma yenyewe.

"Mazungumzo haya yanarekodiwa," ofisa alisema, akavaa miwani, akagusa kitu juu ya kompyuta yake. Hapo juu palikuwa na kamera ndogo kama kifungo cha koti. Pembeni yake kitaa kikawaka. Kilikuwa chekundu.

Mama Nukta alimwona mwanawe akikiona. Alimwona akijiweka wima, na mikono midogo ikitua juu ya magoti, mmoja halafu mwingine. Alifumbua mdomo. Ofisa alimtazama juu ya miwani, naye akaufumba.

"Haya, mrembo. Unaitwa nani?"

Nukta alitaja majina yake matatu kwa mfuatano.

"Una miaka mingapi?"

"Saba."

"Kidevu kimefanyaje?"

"Nilianguka darasani."

"Pole. Nani alikuinua?"

"Mama wa usafi."

"Nyumbani unakaa na nani?"

"Na mama mkubwa. Na watoto wa mama mkubwa."

Ofisa aliandika. Yote yalikuwa kweli. "Vizuri sana. Sasa tazama kule ukutani. Yule ni nani?"

Nukta aligeuka. Kwanza alitazama taa, kuhakikisha. Kisha akamtazama mama yake, mara moja, si sana.

"Mwalimu."

"Mwalimu wako?"

"Ndiyo."

Kalamu ilisimama. "Na mama yako? Mama yako yuko wapi?"

Hilo halikuwemo kwenye mchezo. Nukta alifikiri. Alitazama taa tena. Ilikuwa bado inawaka.

"Sasa hivi hayupo," alisema.

Mashine ya maji ilibubujika. Ofisa aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaisafisha kwa ncha ya tai. Hakuonekana kama mtu aliyekamata mwongo. Alionekana kama mtu aliyetamani swali hilo angeuliza mwenzake.

"Mama, njoo ukae," alisema. "Mimi sisemi wewe si mzazi wake. Vyeti ninaviona. Lakini watu wamekuja hapa na vyeti vizuri kuliko hivi na mtoto wa mtu mwingine, na mmoja nilimpitisha mimi mwenyewe. Mtoto akisema hivyo mbele ya kamera, mkono wangu umefungwa. Faili la mtoto linalala miezi kumi na miwili, halafu unaomba upya. Mkataba wako haujaguswa. Wewe unaweza kusafiri."

"Ni mwanangu."

"Inawezekana kabisa." Akageuza fomu, akamwonyesha nafasi tupu chini. "Hapa kuna maelezo ya mzazi. Kama kuna sababu mtoto kusema hivyo, ieleze, naandika kama ulivyosema. Nakala moja inakwenda makao makuu, nyingine kwa shule iliyokuajiri. Huenda ikasaidia."

Juu kabisa ya faili lake palikuwa na matokeo ya somo. Tisini na moja. Mtoto aliyeumia alishughulikiwa kwa namna ya mfano.

Mama Nukta aliipanga hesabu kichwani kama anavyowapangia watoto ubaoni. Akieleza mchezo wa taa, ataulizwa ulikuwa wa nini. Akisema ulikuwa wa somo, shule itajua mtoto aliyeanguka ni wake. Somo litafutwa, na pamoja nalo daraja, na mkataba. Bila mkataba hakuna kibali cha mtoto cha kuombea. Asipoeleza, yeye atakwenda na Nukta atabaki. Alirudia hesabu tangu juu, akitafuta alipokosea. Hakupaona.

"Nilimfundisha..." alianza.

Ofisa aliinua kalamu. "Ulimfundisha nini?"

Alisubiri. Alisubiri kwa subira ya kweli, na taa ilikuwa bado inawaka, na Nukta alikuwa amekaa wima akitazama mbele.

"Adabu," Mama Nukta alisema. "Kuwa na adabu mbele ya watu."

Ofisa aliandika hivyohivyo, akamsogezea fomu atie sahihi. Akatia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kama kawaida.

Nje, kwenye korido, Nukta alitembea kando yake mpaka walipoupita mlango wa mwisho. Alisimama, akageuka kutazama walikotoka, juu ya kuta na kwenye pembe za dari. Hakukuwa na kitaa chochote. Kisha akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa mama yake, akauvuta.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Sikukuangalia sana, eti?"

"Hukuniangalia sana."

"Alipouliza lile swali gumu nilidhani nitakosea." Kovu la kidevuni lilijikunja alipotabasamu. "Leo nimepata ngapi?"

Walikuwa wamefika kwenye ngazi. Mama Nukta alipiga goti kwenye ngazi ya juu, kama alivyokuwa akipiga goti kando ya viti kwa miaka kumi na sita. Aliufunika mkono ule mdogo kwa mkono wake, wote mpaka kwenye kifundo, na hakuuachia.

"Mia," alisema. "Leo umepata mia."